Kipande cha Kijiji

Mama Mhasibu hakuwa mtu wa kupendwa haraka, na sisi tuliofanya naye kazi hatukuwa na haraka hiyo. Ukiingia ofisini kwake asubuhi na vocha mkononi, shikamoo yako ilipokelewa kwa "marahaba" kavu, kisha mkono ukanyooshwa kuchukua karatasi kabla hujakaa. Alisoma vocha kuanzia chini kwenda juu. Alianza na sahihi, akapanda kwenye jumla, mwisho kabisa ndipo alipofika kwenye maelezo ya safari yako. Nilimuuliza siku moja kwa nini anasoma kinyumenyume. "Uongo wa watu hukaa kwenye maelezo, Baba Asha," akasema. "Nikianza na maelezo nitakuonea huruma." Nilikuwa na njaa, nikaiacha hapo.

Nilikuwa karani wake wa hesabu kwa miaka saba, katika shirika dogo la maji lililopanga nyumba ya mtu kwenye barabara ya Msalato. Ni ile miaka ya soko huria. Mashirika ya umma yalikuwa yanafungwa moja baada ya jingine, na mashirika ya wafadhili yanafunguliwa kama vibanda vya mitumba. Yeye mwenyewe alitoka kwenye shirika la umma la biashara lililofungwa mkoani. Kazi yake ya mwisho kule ilikuwa kuhesabu vitu visivyopata mnunuzi: mabeleshi, sufuria zisizo na mifuniko, viatu vya mpira vya mguu mmoja. Wenzake wote walishapunguzwa kazini, akabaki yeye na mlinzi. "Nilijiandikia barua ya kujipunguza," alikuwa akitusimulia, "nikaipiga muhuri, nikajipa nakala." Sisi tulicheka. Yeye alituangalia tu mpaka tukanyamaza.

Alivaa sweta la kijani mwaka mzima. Juni, upepo wa Dodoma ukikata masikio, ungesema sawa. Lakini Novemba, jua linawaka mpaka mbuzi wanagombea kivuli cha ukuta, sweta liko palepale. Miwani yake aliifunga kwa kamba ya kiatu. Alipiga marufuku chakula chochote karibu na vitabu vya hesabu. Dereva mmoja alifukuzwa mlangoni kwa sababu ya andazi. Na droo yake ya kulia, chini ya mihuri, ilijaa karanga. Nilimfumania mara nyingi, akatafuna bila aibu. "Karanga si chakula," alisema. "Ni kazi ya meno."

Mtu wa kanisa alikuwa, mwimbaji wa sauti ya pili, na mikutano yetu yote ilifunguliwa kwa sala yake fupi. Lakini ole wako umlete Mungu kwenye hesabu. Mwisho wa mwezi mmoja salio lilikataa kulingana siku tatu, na mtunza stoo akasema tumwachie Mungu. "Mungu hajaletewa vocha," Mama akamjibu. "Kaitafute." Ilipatikana chini ya kiti cha gari, imekunjwa, imelowa mafuta.

Duka la mbele ya ofisi lilikuwa na maandishi ukutani, yale ya kila duka: mali bila daftari hupotea bila habari. Wageni wakimtania kwamba hiyo ndiyo dini yake, yeye huinua mabega. "Yenye daftari nayo hupotea," alisema. "Tofauti ni kwamba habari unazipata." Nilidhani ni mzaha wa wahasibu.

Msomaji ambaye hakufanya kazi za namna ile ajue jambo moja tu. Pesa zetu hazikuwa zetu. Kila mfadhili alileta zake na masharti yake. Za huyu ni za pampu tu, huwezi kuzinunulia dizeli. Za yule ni za semina, huwezi kumlipa nazo mlinzi hata kama mlinzi hajala. Zamani kila mfadhili alikuwa na leja yake, na Mama alizifunika kwa karatasi za rangi: nyekundu, bluu, njano. Leja ya nne ilikuwa ya vijiji, nayo ilifunikwa kwa gazeti.

Kwa sababu vijiji navyo vilitoa. Utaratibu wa wakati ule ulikuwa hivyo: mwananchi achangie kwanza, kisima kichimbwe baadaye. Wanakijiji waliuza kuku, waliuza uwele, wakachanga, na mweka hazina wa kijiji akapanda basi akaleta pesa zimefungwa kwenye pindo la khanga au kwenye soksi. Nyingine zilinuka moshi. Hapo ndipo ungemwona Mama Mhasibu anafanya kitu ambacho sikukiona kwa mhasibu mwingine yeyote. Hundi ya mfadhili aliipokea amekaa. Pesa ya kijiji aliipokea amesimama. Aliinuka kitini na goti lake bovu, akamsalimu mgeni "mbukwa" kama ni Mgogo, akahesabu amesimama, akaandika risiti amesimama, ndipo akakaa. Mkurugenzi wetu, mtu wa kuja, hakuiweza mboga yetu ya mlenda wala hakuiweza tabia hii. Alisema inachelewesha foleni.

Basi kompyuta ikaja. Mfadhili mkubwa ndiye aliyeileta, na programu yake ya hesabu za mifuko, na sharti: kuanzia mwaka mpya hakuna leja za mkono. Mama aliifumia kitambaa cheupe chenye maua kama kile cha kufunikia redio. Disketi zake alizihifadhi kwenye hotipoti ya kuwekea chapati kwa ajili ya vumbi, na mgeni aliyeifunua akitegemea chakula alijuta. Umeme ulikatika kama tunavyojua sisi. Tulikuwa tunaandika, unakatika, tunaandika upya, unarudi hafifu, mashine inapiga kelele. Wallahi, ukiniuliza leo maendeleo ni nini, nitakuonyesha mgongo wangu.

Mtaalamu alitoka Dar es Salaam kuja kutufundisha kwa siku tano. Mtu mpole, mwenye kikohozi cha vumbi letu. Akatueleza kwamba katika programu ile kila akaunti ina namba ndefu, na namba hiyo hukatwa vipande. Kipande cha kwanza kinasema mfuko, yaani pesa ni ya nani na ina masharti gani. Kinachofuata kinasema mradi. Kingine kinasema kazi gani ilifanyika, na kingine aina ya matumizi: dizeli, posho, saruji. Ni sisi wa kuamua vipande vingapi na kila kimoja kiwe na tarakimu ngapi, ila jumla isizidi tarakimu kumi na mbili. "Na mkishafunga muundo mkaanza kuingiza hesabu," akasema, "haubadiliki tena."

Sisi wengine tulikodoa macho. Mama alielewa kabla mtaalamu hajamaliza sentensi. "Ni balozi wa nyumba kumi," akasema. "Mgeni akifika mtaani anaulizwa: umetoka wapi, umefikia kwa nani, umekuja kufanya nini. Pesa nayo iulizwe hivyohivyo." Mtaalamu akafurahi, akasema huo mfano atauchukua. Kisha Mama akauliza, "Na kijiji kinakaa kipande gani?"

Hakikuwepo. Mkurugenzi na mfadhili walikuwa wameshapanga: mfuko tarakimu mbili, mradi tatu, kazi tatu, matumizi nne. Hizo ni kumi na mbili, mlango umefungwa. Michango ya vijiji ingeingia kwenye akaunti moja inayoitwa Mapato Mengineyo, pamoja na pesa za kuuza matairi chakavu na kukodisha viti vyetu kwa harusi.

Mama Mhasibu alichukua kalamu akapanga upya. Mfuko mbili, mradi tatu, kijiji tatu, kazi moja, matumizi tatu. Kumi na mbili palepale. Akaipeleka kwa Mkurugenzi, na mimi nimebeba karatasi nyuma yake.

"Mama, mfadhili anataka kazi kwa tarakimu tatu," Mkurugenzi akasema. "Ndivyo ripoti yake ilivyo. Vijiji si wafadhili."

"Vijiji ndivyo vilivyoanza kutoa, Mkurugenzi. Bila mchango wao huyo mfadhili haleti hata boliti."

"Ziko kwenye Mapato Mengineyo. Zipo. Hazijapotea."

"Zipo pamoja na matairi. Siku ukitaka dizeli utachukua, na mashine itakuruhusu, kwa sababu haijui ni za nani. Mimi na wewe tutajua mwaka huu. Mwakani?"

Mkurugenzi alikunja uso, akasema alete ushahidi kwamba vijiji vinavyohusika ni vingi na pesa zenyewe ni za maana, basi atafikiria. Kimoja kikubwa, cha njia ya Kondoa, kilikuwa kimechanga kuliko vyote na kilisubiri kisima kwa miaka miwili. Orodha yao ya wachangiaji na leja yetu zilikuwa zinatofautiana kidogo. Mama akasema ataifuata orodha mwenyewe. Aliondoka Jumatano. Alitakiwa kurudi Ijumaa, siku ambayo muundo ungefungwa.

Ijumaa hakurudi.

Nataka kusimulia mchana ule kama ulivyokuwa, maana kwa miaka mingi niliusimulia vingine. Saa kumi jioni Mkurugenzi alichungulia mlangoni, ufunguo wa gari mkononi, akasema, "Mkimaliza mfunge," akaondoka. Tukabaki mtaalamu na mimi. Muundo wa Mkurugenzi ulikuwa kwenye kioo, na salio za kuanzia nimeshaziandaa, michango ya vijiji vyote imejumlishwa kwenye namba moja ya Mapato Mengineyo. Ilibaki kubonyeza. Mtaalamu akakohoa, akaniambia, "Basi langu ni kesho asubuhi, lakini naweza kuahirisha. Tumsubiri mama yenu mpaka Jumatatu?"

Nilimwangalia. Nilikuwa na siku tano sijala mchana kwa utulivu. Vumbi limeniingia puani, macho yananiwasha, umeme umekatika mara nne tangu asubuhi. Nikafikiria Jumatatu: Mama amerudi na orodha yake, mabishano yanaanza upya, vipande vinapangwa upya, na mimi ndiye wa kuandika kila kitu upya. Sikuwa na mgonjwa nyumbani. Sikuwa na safari. Nilichoka tu. Mashine ikaniuliza kama nina hakika, jambo ambalo pale ofisini hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikabonyeza.

Jumatatu Mama aliingia saa tatu asubuhi, viatu vimejaa vumbi jekundu, orodha ameifunga kwenye mfuko wa nailoni. Majina yote ya wachangiaji, mwandiko wa watoto wa shule. Akasema gari za kurudi hazikuwepo. Akafunua kitambaa cha kompyuta, akavaa miwani, akasoma.

"Nani amefunga?"

"Mtaalamu, mama. Alikuwa na basi."

Jibu lilitoka lenyewe, laini kabisa, mpaka likanishtua. Mchana Mkurugenzi alileta karatasi ya salio za kuanzia ili isainiwe na kila anayehusika. Mtaalamu alikuwa ameshasaini. Mkurugenzi akasaini. Mama akaishika karatasi muda mrefu, akaisoma kuanzia chini kwenda juu, akasaini. Nikajipa moyo kwamba basi, si jambo kubwa.

Jioni ile alinunua kaunta buku, daftari nene la jalada gumu, kwa pesa yake mwenyewe. Kuanzia siku ile, kila mchango wa kijiji uliingia mara mbili: mara moja kwenye mashine, pamoja na matairi, na mara ya pili kwenye kaunta buku, ukurasa wa kijiji chenyewe, na mweka hazina wa kijiji akaweka sahihi au dole gumba pembeni. Alifanya hivyo miaka minne. Hakuna aliyemtuma, na mfadhili alishakataza vitabu vya mkono. Mkurugenzi alijua, akajifanya hajui. Mimi ndiye niliyeshika kidau cha wino wa dole gumba, na kila mara nilipokishika nilijisikia vibaya hapa kifuani, halafu nikazoea. Mtu huzoea.

Ile pesa ya kijiji cha njia ya Kondoa iliingia kabla ya kaunta buku. Ilikuwa ndani ya salio la kuanzia, bila jina. Ndani ya miezi miwili magari yetu yaliinywa yote kwa dizeli, na mashine ikaruhusu, kama alivyosema. Kila walipouliza kisima chao, Mkurugenzi aliwaambia mashine ya kuchimbia iko njiani.

Msidhani alikuwa malaika, huyu mama. Alikuwa mkali kwa wadogo na mpole kwa wakubwa, na hilo lilinikera sana. Dereva akipungukiwa risiti ya soda alisemwa mbele ya watu. Mkurugenzi akileta safari nzima bila risiti, Mama anasema "haya, nitaona," na anaona kweli, anaipenyeza mahali. Nilimwambia siku moja, nikiwa nimekasirika, kwamba ujasiri wake unaishia kwenye ngazi ya dereva. Nilitegemea anifukuze. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la sweta. "Wewe hujawahi kupunguzwa kazini, Baba Asha," akasema. "Ukipunguzwa mara moja, kila mwenye tai unamwona ameshika barua." Kisha akaniagiza nikamletee faili la mishahara. Alikuwa na watoto wa marehemu dada yake shuleni, na mume aliyelala kitandani kwa kiharusi, na mshahara ulikuwa mmoja.

Mfadhili mkubwa alipochoka na sisi, aliondoka, na shirika likafungwa. Kwenye Mapato Mengineyo kulikuwa na salio nono kiasi. Mkurugenzi alituita, akatuambia hizo hazina masharti ya mfadhili yeyote, kwa hiyo zitakuwa kiinua mgongo chetu. Tulishangilia. Mimi nilikuwa nimeshazipigia hesabu: bati za nyumba yangu, ada ya Asha.

Mkaguzi alipokuja kufunga vitabu, Mama Mhasibu aliweka kaunta buku mezani mbele yake. "Hizi si za shirika," akasema. "Za vijiji. Kila moja ina mwenyewe."

Ah, siku ile! Mtunza stoo alitoka nje akapiga teke ndoo. Mkurugenzi alisema daftari la mkono halitambuliki. Mkaguzi alifunua kurasa, akatazama madole gumba, akasema haya yanatambulika kuliko mashine yenu. Vijiji vilirudishiwa, na sisi tuliondoka na cheti cha utumishi na wali wa kuagana. Mama naye alikosa kama sisi, na mume yuko kitandani. Hilo sikulitazama. Nilimchukia, nasema wazi. Siku ya mwisho nilimpita mlangoni bila kumuaga.

Lakini mkaguzi alikuwa ameweka mpaka. Kaunta buku inakubalika tangu siku ilipoanza. Ya kabla ya hapo, hata yenye leja na risiti, yanafuata salio za kuanzia. Mama alimwonyesha ile orodha ya njia ya Kondoa, majina yote yale, iko vilevile kwenye nailoni. Mkaguzi akaweka karatasi ya salio pembeni yake. "Hapa hakuna kijiji," akasema. "Sahihi hii ya tatu ni ya nani?"

"Yangu."

"Basi, mama. Mimi nifanyeje?"

Wiki ileile ya kufunga, mweka hazina wa kile kijiji alifika. Mwanamke mrefu, mkavu, ana risiti zetu kwenye kopo la maziwa. Alikuwa amesikia kwenye redio ya majirani kwamba vijiji vinarudishiwa. Mama alisimama kumpokea, akamkalisha, akabaki amesimama. Akamweleza kila kitu bila kuzunguka: kwamba pesa zao zilipokelewa, kwamba ziliandikwa mahali pasipo jina lao, kwamba hazipo.

Yule mgeni alisikiliza mpaka mwisho. "Zimekwenda wapi?"

"Kwenye mafuta ya magari."

"Haya magari yaliyokuwa yakija kutuambia tusubiri?"

"Ndiyo. Hayohayo."

Mweka hazina akafunika kopo lake. "Sasa mimi nikawaambie nini?" akauliza. Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kweli kuambiwa. "Kuna bibi kule aliuza mbuzi wake wa pekee nikiwa nimesimama mlangoni pake. Nikamwambie nini, dada yangu?" Nami nilikuwa pembeni napakia mafaili kwenye boksi, nikaendelea kupakia.

Miaka ikapita, nikapata vibarua vya hapa na pale. Kipindi cha Bunge niliandika hesabu za nyumba za wageni, kikiisha nakaa. Macho yakaanza kunisumbua, matunda ya ile kompyuta na ya uzee pia. Mwaka fulani nikaenda hospitali ya Mvumi kutazamwa. Nimekaa kwenye benchi la kusubiri, nikasikia mtu pembeni yangu akimsahihisha binti wa mapokezi kwamba namba yake ni kumi na saba, si sabini na moja, atazame tena. Nikageuka. Alikuwa amepungua mwili, jicho moja limefunikwa pamba, la pili lina ukungu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani huyo?"

"Baba Asha. Wa hesabu."

Alicheka kidogo, akapapasa benchi mpaka akaupata mkono wangu. Tukaulizana habari. Mumewe alishafariki. Watoto wa dada yake, mmoja ni mwalimu, mmoja hajulikani alipo. Asha wangu ameolewa Singida. Tukamaliza habari za nyumbani. Kisha akaniuliza, "Wale wa njia ya Kondoa, walipata maji?"

Ningeweza kusema sijui. "Nilipita huko mwaka juzi," nikasema. "Bado wanafukua mchanga korongoni."

Alitikisa kichwa taratibu. Mgonjwa mmoja aliitwa, akaingia. Mwingine akatoka.

"Gari zilikuwepo," akasema.

"Gari gani, mama?"

"Ile Ijumaa. Basi lilipita saa mbili asubuhi, na lingine saa sita. Orodha nilikuwa nayo tangu Alhamisi. Nilikaa uani kwa mweka hazina nikayaacha yapite yote mawili." Alizungumza sauti ya kawaida, kama anayenisomea leja. "Nilijua nisipokuwepo mtafunga. Nikasema, wafunge, isijulikane kama nilikubali au nilikataa. Niliogopa kazi yangu. Halafu nikarudi nikasaini. Kwa hiyo yule mtaalamu wa watu usimlaumu. Nimekusikia mara nyingi ukimlaumu."

Moto ulinipanda. Miaka minne nimeshika wino wa dole gumba nikimwona mwenye haki na mimi mwizi! Kiinua mgongo changu kilikwenda na ile haki yake! Nilitaka kumfokea mbele za watu. Nikafungua mdomo, na kilichotoka si nilichokusudia.

"Si mtaalamu aliyefunga, mama."

Akageuza uso kuelekea sauti yangu.

"Yeye alikubali kusubiri mpaka Jumatatu. Aliniuliza. Nilibonyeza mimi."

"Mkurugenzi alikulazimisha?"

"Alikuwa ameshaondoka. Nilichoka tu."

Aliirekebisha pamba ya jichoni. Kisha akauliza, "Na kama ningepanda basi la saa mbili nikakukuta hujabonyeza, ungesimama na mimi?"

Uongo ulikuwa palepale, laini, kama ule wa kwanza. "Hapana, mama," nikasema. "Nisingesimama."

"Na mimi nisingesema kitu," akasema. Akavuta pumzi. "Basi tusimtafute mwingine, Baba Asha. Ni sisi wawili."

Muuguzi akaita namba kumi na saba. Nikamshika mkono nikampeleka mpaka mlangoni, hatua kwa hatua, na hakuna aliyemwambia mwenzake pole.